Snepshoti peke yake sio bakapu
Mkuu umeuliza kama snepshoti (picha ya hali ya faili kwa wakati fulani) za Btrfs, ule mfumo wa faili wa Linux, zinatosha kama bakapu au lazima upeleke data kwenye NAS (mashine ya kuhifadhi data kwenye mtandao wako). Hazitoshi aisee. Snepshoti inakaa diski ileile, diski ikifa vyote vimekwenda, yenyewe inakuokoa tu pale umefuta faili kwa bahati mbaya au apdeti imevuruga mambo.

Mi nafanya hivi, kila usiku cron (kipanga kazi cha Linux) inapiga `btrfs subvolume snapshot -r /home /home/.snap/2025-03-14` (mwishoni ni tarehe ya siku hiyo, na /home iwe subvolyumu lakini, yaani sehemu inayojitegemea ndani ya Btrfs), na hiyo -r usiisahau maana snepshoti isipokuwa ya kusoma tu btrfs send, ile amri ya kuituma, itagoma, halafu naisukuma kwa ssh (njia salama ya kuingia mashine nyingine): `btrfs send -p ya_jana ya_leo | ssh nas btrfs receive /bakapu`. Mara ya kwanza unatuma bila -p (hiyo inataja snepshoti ya kulinganishia), kila kitu kinakwenda, we kalale tu, zinazofuata ni mabadiliko peke yake. Ila snepshoti ya jana usiifute upande wowote kabla ile ya leo haijafika, mi niliwahi kuifuta nikitafuta nafasi, ikabidi nitume upya mwanzo mwisho, usiku mzima.

NAS yako kama haina Btrfs tumia rsync (programu ya kunakili faili) na --link-dest inayoelekeza kwenye bakapu iliyopita, faili ambazo hazijabadilika zinakuwa hadilinki (jina jingine la faili lilelile) kwa hiyo hazili nafasi mara mbili, ila ichote kwenye snepshoti, sio kwenye /home inayotumika. Na ujaribu kurudisha faili moja mbili leo leo.