Barua kwa Neema, kuhusu mdogo wako

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeisoma, nikampa na mama yako. Unauliza kama umwambie Yona aachane na huyo mshauri anayechati naye usiku kwenye simu, aende hospitali akaonane na daktari ana kwa ana.

Kwanza nikwambie habari ya baba yako mdogo Elia, maana wakati ule ulikuwa mdogo. Tulitoka Manyoni kwenda Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, tarehe yake ya pili ya kliniki, na konda aliiona kadi mkononi mwangu. Basi lilipoingia stendi Dodoma akapaza sauti, "Wa Mirembe, mmefika!" Watu wote wakageuka, wengine wakacheka. Elia akashusha kofia mpaka machoni. "Kaka, turudi." Nikambembeleza, tukaenda, wauguzi wakatupokea vizuri, dawa tukapewa. Lakini tarehe ya tatu hakwenda, wala ya nne. Hospitali ile ipo tangu 1927 na imetibu wengi. Elia alishindwa na njia ya kufika. Yule konda bado sijamsamehe.

Mtu anayeumwa hivyo anataka wa kukaa naye. Nimewaambia hivyo tangu mnasoma msingi. Sasa huyo wa kwenye simu anakaa na Yona, au hakai? Elia alikuwa akisema "nipo salama" huku mikono inatetemeka. Angeniandikia maneno hayo kwenye simu, ningeamini nikalala. Halafu nafikiri tena: saa nane ya usiku Yona yuko hosteli Mwanza, kliniki imefungwa, mimi niko huku. Nani mwingine atamjibu?

Kule Zimbabwe yuko daktari wa akili, Dixon Chibanda. Binti aliyekuwa mgonjwa wake alijiua. Kwao walikosa nauli ya kumrudisha hospitali. Kuanzia 2006 akawafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na watu kwenye benchi la zahanati na kuwasikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kuwa waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Nauli, Neema! Simu haidai nauli, wala haina konda. Ila bibi wale wana sura, na wanajulikana mtaani.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia aache, muulize taratibu: huyo mshauri ni mtu au ni mashine? Amesomea wapi? Yona akimwandikia kwamba hataki tena kuishi, atampigia nani, atamtuma wapi? Asipokuwa na jibu, huyo hakai na mtu.

Najua unataka niseme aache au aendelee. Neno liko mdomoni, nalizuia kwa shida. Nataka kwanza nimwone mwenyewe anavyokula na anavyolala. Ijumaa nitakuwa Mwanza. Usimwambie kwamba uliniandikia. Mwambie baba anamletea mafuta ya alizeti.

Ni mimi baba yako.