Akipatikana, mbona nisipewe anwani yake?

SWALI: Mimi na mdogo wangu tulipotezana siku mapigano yalipoingia mjini kwetu. Nimejaza fomu ya kumtafuta kwenye ofisi ya Msalaba Mwekundu, nikaelezwa kwamba hata akipatikana huenda nisiambiwe aliko. Kuna maana gani basi ya kumtafuta? Je, nisambaze picha yake mtandaoni?

JIBU: Ndugu msomaji, wakati wa vita wanaotafuta watu si jamaa zao peke yao. Adui naye hutafuta, wakati mwingine kwa kujifanya kaka au shangazi, na mpokeaji wa fomu hana njia ya kuusoma moyo wa aliyeileta. Ndiyo maana aliyepatikana huulizwa kwanza kama anaridhia anwani yake itolewe, na akikataa, uamuzi wake huheshimiwa hata kama anayemtafuta ni mama mzazi. Utaratibu huu ni mchungu, nakiri, ila huohuo ndio unaokulinda wewe endapo kesho utatafutwa na mtu usiyemtaka.

Wala sharti hilo la kuomba ridhaa yake halifungi mlango. Mdogo wako anaweza kuchagua kukuandikia bila kutaja aliko, kwa kutumia ujumbe wa Msalaba Mwekundu, ambao hupelekwa ukiwa wazi na mamlaka huweza kuusoma, kwa hiyo huandikwa habari za familia tu. Mawasiliano ya namna hii yana nguvu ya sheria: Ibara ya 25 ya Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, unaolinda raia wakati wa vita, inaeleza kwamba, hata pande zinazopigana zikiona ni lazima kubana barua za familia, zisishuke chini ya fomu moja kwa mwezi yenye maneno 25 ambayo mwandishi ameyachagua mwenyewe. Maneno 25 ni machache, lakini yanatosha kusema nani yu hai.

Kuhusu picha, ngoja kwanza. Ukishaisambaza huwezi kuirudisha, na hujui yuko mikononi mwa nani. Afadhali urudi ofisini ukaongeze yale yasiyokuwamo kwenye fomu: majina ya wazazi wote wawili, jina la utani aliloitwa nyumbani, mahali na siku alipoonekana mara ya mwisho, na alikuwa na nani. Huduma hiyo ni bure. Ukihama au ukibadilisha namba ya simu, wajulishe siku hiyohiyo, maana huenda akapatikana yeye, ukakosekana wewe.