Mirihi: barakoa ya oksijeni peke yake haitoshi

Waniuliza kama barakoa ya oksijeni yatosha kutembea nje kwenye sayari ya Mirihi? Haitoshi, ndugu yangu. Filamu zinazoonesha mtu katoka nje huko Mirihi na barakoa ya oksijeni tu usoni zimekosea. Tatizo si pumzi peke yake, ni mgandamizo wa hewa: kule haufiki hata asilimia 1 ya huu wetu wa pwani. Kwa mgandamizo huo mate mdomoni na machozi machoni yangechemka kwa joto la mwili wako mwenyewe. Nasomesha fizikia hapa Wete, na wanafunzi wangu huwaonesha kwa bomba la sindano, sindano yenyewe imetolewa. Vuta maji ya moto kidogo ambayo hayajachemka, ziba tundu kwa kidole, kisha vuta tena kwa nguvu. Utayaona yanatoa mapovu, na jiko hakuna! Kwa hiyo lazima suti nzima iliyojazwa hewa. Ila ndani ya nyumba iliyozibwa vizuri na kujazwa hewa, nguo za kawaida zatosha. Na oksijeni yenyewe yapatikana: kifaa cha MOXIE kwenye Perseverance, roboti ya NASA iliyoko Mirihi, kiliitengeneza kutokana na hewa ya huko huko, gramu 122 kwa jumla, kati ya 2021 na 2023.