Rushwa inayoitwa chai, na namna ya kuirudisha

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Nafanya kazi katika ofisi inayohudumia watu. Hapa hakuna anayetamka "rushwa": ni chai, kitu kidogo, au ya soda. Nami nimekuwa nikipokea, na sasa moyo unanisuta. Wenzangu wanadai hizo ni zawadi, na nilipotaja kurudisha wakanicheka kwamba nataka "kutapika". Je, jina linabadilisha hukumu? Na nikitaka kurudisha, nimrudishie nani?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Jina halibadilishi hukumu. Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba watatokea watu katika umma wake watakaokunywa pombe huku wakiipa jina lisilo lake, na uharamu wake ukabaki palepale. Na sahaba Abdullah bin Amr (r.a.) amepokea kwamba Mtume amemlaani mtoa rushwa na mpokea rushwa. Chai ya namna hiyo imo humo. Binafsi nayachukia majina haya laini, maana anayeomba rushwa kwa jina lake huenda siku moja akaona haya, lakini anayeomba chai ameshajihalalishia.

Kuhusu dai la zawadi, Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari na kuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, aone kama angeletewa zawadi. Jiulize swali hilo hilo: ungeacha kazi hiyo kesho, wangekuletea?

Ama kutapika, usione haya. Katika Sahihi Bukhari imo habari ya Abubakar Swiddiq (r.a.) aliyekula chakula alicholetewa na mtumwa wake, kisha akaambiwa kimetokana na malipo ya ukuhani, yaani uaguzi, wa zama za ujahilia kabla ya Uislamu. Akaingiza mkono kinywani akatapika vyote vilivyokuwa tumboni. Wenzako wamekutajia kwa dhihaka jambo alilolifanya Swiddiq kwa kumcha Mola wake.

Sasa nani arudishiwe? Hapa lazima uwapambanue watu wako. Kuna aliyekuja kutafuta haki yake, ukamzungusha mpaka akatoa. Huyo amedhulumiwa, fedha ni zake, mtafute umkabidhi, na akiwa amefariki wapewe warithi wake. Usipompata kabisa baada ya kujitahidi, itoe kwa masikini kwa niaba yake, na akitokea baadaye umpe hiari: aridhie thawabu au alipwe. Kuna mwingine aliyetoa kwa ridhaa ili apate kisichokuwa chake. Kumrudishia huyo ni kumkusanyia fedha na batili aliyoinunua. Mwanachuoni Ibn al-Qayyim aliliona hivyo katika malipo ya haramu, na ndiyo kauli ninayoielemea. Hiyo itoe katika maslahi ya Waislamu au kwa masikini, kwa nia ya kujitakasa tu, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Tena, ikiwa kwa ajili ya fedha hiyo ulimnyima mtu haki, kutoa fedha hakutoshi: ifichue na irekebishe haki hiyo kadiri ya uwezo wako.

Kama umeshazitumia, hesabu kwa dhana iliyo karibu na yakini, iandike kama deni, ulipe kidogo kidogo. Mtume ameamrisha aliyemdhulumu nduguye ajivue na dhulma hiyo leo, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu.

Usije ukajitetea kwamba waliotoa nao wana dhambi. Wanazuoni wengi wamemruhusu aliyebanwa, asiye na njia nyingine ya kuipata haki yake au kujikinga na dhulma, atoe, na dhambi ikabaki kwa mpokeaji. Wengi waliosimama mbele ya meza yako huenda ni wa namna hiyo, kwa hiyo anza nao.

Wallahu a'lam.