Swali: Nikiswali nawaza dagaa na madeni. Je, imani yangu imepungua?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mwanga hapa Kigoma. Nafanya biashara ya dagaa wakavu na mawese. Dagaa nanunua Kibirizi, naanika, kisha napeleka Tabora na Dar es Salaam. Biashara imekua na namshukuru Allah, lakini mwenyewe sina raha. Uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa mwaka 2024 nilichukua mkopo wa riba kubwa, huu wa kausha damu, ili wafanyakazi wangu wasitawanyike, na mpaka leo sijaumaliza. Nikisema Allahu akbar tu, akili inakwenda kwenye mzigo ulioko njiani na kwa wateja waliochukua kwa mali kauli. Nalala saa sita, saa tisa nimeamka moyo unadunda. Mwenzangu sokoni kaniambia mwenye imani hana wasiwasi. Mwingine anasema nimefungwa, niende kwa mganga. Je, swala zangu zinasihi? Hofu hii ni upungufu wa imani? Niache biashara?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, ali zake na swahaba zake.

Mwanangu, nianze na swala. Swala zako zinasihi. Mawazo yanayomjia mtu akiwa anaswali hayaibatilishi swala, maadamu ametimiza sharti na nguzo zake. Wanachuoni wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alieleza jinsi shetani anavyokimbia adhana, kisha swala ikikimiwa anarudi, anaingia baina ya mtu na nafsi yake: kumbuka hili, kumbuka lile, mambo ambayo hakuwa akiyakumbuka, mpaka mtu hajui ameswali rakaa ngapi. Mtu wa namna hiyo Mtume alimwamuru asujudu sijda mbili. Hakumwambia kwamba hana imani. Basi ukishikwa na shaka kama ni rakaa ya tatu au ya nne, shika ile ya uchache, ongeza moja, usujudu sijda mbili kabla ya salamu. Hivyo ndivyo tunavyofanya sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi.

Lakini kusihi ni jambo moja, na ujira ni jingine. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud kutoka kwa Ammar bin Yasir, mtu huondoka kwenye swala hali ameandikiwa sehemu ya kumi yake tu, mwingine ya tisa, mwingine ya nane, mpaka anayeandikiwa nusu. Kwa hiyo hilo linalokuuma lisikuishe. Ni dalili kwamba moyo wako uko hai. Uthman bin Abil As, swahaba ambaye Mtume alimpa uongozi wa Taif, alikwenda kwa Mtume kulalamika kama unavyolalamika wewe, kwamba shetani anamchanganyia swala na kisomo chake. Akaambiwa ajikinge kwa Allah anapomhisi, na ateme kidogo upande wa kushoto mara tatu. Alifanya hivyo, na Allah akamwondolea. Hadithi hii iko kwa Muslim. Nawe fanya hivyo, bila haya.

Sasa huyo aliyekwambia mwenye imani hana wasiwasi. Nadhani alitaka kukupa moyo, ila maneno yake si sahihi, na yamekuongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza: kwanza una hofu, sasa unaiogopa hofu yenyewe. Msomee Surat al-Qasas. Mama yake Musa aliletewa ilhamu na Allah mwenyewe: mnyonyeshe, na ukimhofia mtie mtoni, wala usiogope wala usihuzunike, Sisi tutamrudisha kwako na tutamfanya katika Mitume. Ahadi gani iliyo kubwa kuliko hiyo? Na juu ya hayo, aya ya 10 inasema moyo wa mama Musa ukawa mtupu, akakaribia kulidhihirisha jambo lake, lau kuwa Allah hakuutia nguvu moyo wake. Mwanamke aliyeahidiwa na Mola wake alikaribia kushindwa kujizuia. Qur'ani haikumlaumu.

Na soma aya inayofuata, ya 11. Baada ya kumtia mtoto mtoni hakukaa nyumbani na kulia tu. Alimwambia dada yake Musa: mfuatilie. Binti akafuata kwa mbali huku wao hawatambui. Mimi naiona hapa njia nzima unayoihitaji wewe. Liko alilolifanya kwa mikono yake: alimtia mtoto mtoni kama alivyoamrishwa, na akamtuma mtu wa kuangalia. Na liko ambalo halikuwa mikononi mwake hata kidogo: maji yatampeleka wapi, na nani atamwokota. La kwanza alilikamilisha. La pili alimwachia Allah. Tabu yako, kwa ninavyoisoma barua yako, ni kwamba umeyachanganya. Unabeba usiku lile lisilo lako, na mchana unaliacha lile lililo lako.

Lisilo lako unalijua kuliko mimi. Wavuvi wa dagaa wanawasha taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Huwezi kuukopa mwezi wala kuulipa. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa, imenyesha. Serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, mwambao wote ulisimama, si wewe peke yako. Katika mambo haya Mtume ametufundisha, kwa mapokezi ya Muslim: fanya pupa kwa lile linalokunufaisha, mtake Allah msaada, wala usishindwe, na jambo likikufika usiseme "lau ningefanya hivi, ingekuwa hivi", bali useme Allah amekadiria na alilolitaka amelifanya, kwani "lau" hufungua kazi ya shetani. Hiyo saa tisa ya usiku unayoamka, bila shaka imejaa "lau".

Na lililo lako ni hayo madeni ya mali kauli. Umesema "wateja waliochukua", hukusema umeandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, si ya swala wala ya saumu. Ni ya kuandika deni: liandikeni mnapokopeshana kwa muda maalumu, msichoke kuliandika likiwa dogo au kubwa. Watu wengi wa biashara hapa kwetu deni wanaliweka kichwani kwa kuwa mteja ni jirani, au ni wa ukoo, wanaona aibu kutoa daftari mbele yake. Basi kichwa ndicho kinachogeuka daftari, na daftari hilo hujifungua lenyewe kila unaponyamaza: kwenye swala, na kitandani. Andika jina, kiasi, siku ya kulipa, na shahidi. Fanya hivyo kila siku kabla ya Magharibi, kisha ufunge. Kuandika ni ibada kwa sababu umetii aya.

Halafu uwe na mipaka ya siku. Katika Surat al-Jumua Allah amesema, ikinadiwa swala siku ya Ijumaa muende kwenye kumtaja Allah na muache biashara, na ikisha swala mtawanyike katika ardhi mtafute fadhila Zake. Amri hiyo ni ya Ijumaa na wanawake hawawajibiki nayo, lakini adabu yake inatufaa sote kila siku: acha, kisha rudi. Najua ugumu wa Alfajiri kwako. Mitumbwi ndiyo inarudi mwaloni, simu inalia, bei inapangwa pale pale. Ongea na unayemwamini awepo mwaloni kwa niaba yako saa hiyo, naye akupigie ukishamaliza swala na nyiradi zako. Simu isiwe chumba kimoja na mswala. Adhuhuri ya Kigoma huingia karibu na saa saba, jua likiwa kali. Ifanye ndiyo mapumziko yako kweli, ukae robo saa zaidi baada ya salamu. Na zile siku ambazo huswali kwa udhuru wa kike, usiifute nafasi hiyo. Kaa pale pale, ulete istighfari na dua. Wanawake wengi huniambia siku hizo ndizo zinazowachosha zaidi, kwa sababu hakuna kinachowasimamisha.

Usiku, chukua alichopewa Fatima, radhi za Allah ziwe juu yake. Mikono yake ilikuwa imechoka kwa jiwe la kusagia, akamwendea baba yake kuomba mtumishi. Mtume akawafundisha yeye na Ali kwamba wanapolala waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu akbar mara 34, kwamba hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Bukhari na Muslim wameipokea. Na uihifadhi dua ambayo Anas alimsikia Mtume akiikithirisha: Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan, wal ajzi wal kasal, wal bukhli wal jubn, wa dhala'id dayni wa ghalabatir rijal. Ndani yake ametaja wasiwasi, huzuni na uzito wa deni, vyote pamoja. Aliyeiomba ni Mtume wa Allah, basi usione aibu kwamba unaihitaji.

Kwa mganga usiende. Muslim amepokea kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi usiku arobaini. Wewe umekuja kwangu ukiililia swala yako, utaitoaje kwa mtu huyo, na pesa juu yake? Jisomee al-Fatiha, Ayatul Kursi na sura mbili za kinga, al-Falaq na an-Nas. Na moyo kudunda usiku kukiendelea, nenda hospitali ya mkoa, Maweni, uwaeleze kama ulivyonieleza. Mtume amesema tujitibu, na hofu inayokosesha usingizi ni maradhi yenye waganga wake wa halali kama ilivyo malaria.

Biashara usiiache. Abdurrahman bin Awf alifika Madina bila kitu, akakataa nusu ya mali ya ndugu yake, akasema nionyesheni soko. Kinachotakiwa kuachwa ni kausha damu. Hiyo ni riba, mwanangu, na siwezi kukulainishia. Tubu, wala usichukue mwingine kulipia huu. Uza kilicho ziada hata kama ni mzani wa pili au mapipa ya mawese, ukamalize. Wapo wakopeshaji wanaokubali kupunguza mtu akija na fedha taslimu.

Hukusema kama mume wako anaujua mkopo huu. Kama hajui, mwambie wiki hii, mkiwa na daftari mbele yenu. Mimi huwa msikitini baada ya Alasiri. Mkihitaji mtu wa tatu wa kwenda nanyi kuzungumza na huyo mkopeshaji, njooni.

Wallahu aalam.