Hukumu ya deni baada ya ufilisi

Ukifilisika, hukumu ya mahakama ya kukutaka ulipe deni haifutwi kwenye rekodi yako ya mikopo. Kwa England na Wales, hukumu hubaki kwenye rekodi ya mikopo miaka 6 tangu ilipotolewa, hata kama umeshatoka katika ufilisi, ambao kwa kawaida huisha baada ya miezi 12. Unachoweza kudai ni kwamba, ikiwa deni lilikuwa ndani ya ufilisi, lisiendelee kusomeka kama halijalipwa: peleka nakala ya hati ya kuondolewa ufilisi kwa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, kila moja peke yake, maana marekebisho ya moja hayahamii kwa nyingine. Kifungu cha 159 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya 1974 kinawapa siku 28 kujibu. Faini ya mahakama, hata hivyo, ufilisi hauigusi.