Kabla Hujanunua Mashine Nyingine: Maswali Yenu Kuhusu Seva ya Filamu Nyumbani

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji wenye diski nyingi za DVD na Blu-ray ambao wameamua kuzinakili kwenye kompyuta moja, yaani seva, ili kila mtu nyumbani atazame kwenye runinga, simu au kishikwambi chake. Nimeyaacha yale yanayouliza tu "ninunue mashine gani", kwa sababu hayajibiki mpaka mwulizaji aseme ana mafaili ya aina gani na yataonyeshwa na kifaa gani. Akishayajua hayo mawili, mara nyingi hugundua kwamba kompyuta aliyo nayo inamtosha.

Filamu inakwama kila baada ya dakika chache. Je, ninunue kompyuta yenye nguvu zaidi?

Swali hili hunifikia mara kwa mara, na karibu kila mara huja bila maelezo. Hukusema filamu ni ya aina gani, runinga imeunganishwa kwa waya au kwa Wi-Fi, wala seva ilikuwa ikifanya nini filamu ilipokwama. Kabla ya kutumia fedha yoyote, ianzishe filamu hiyo inayokusumbua, kisha ufungue ukurasa wa usimamizi wa seva kwenye kompyuta nyingine. Plex na Jellyfin, programu za kuendeshea seva ya filamu, zote huorodhesha hapo kila kinachochezwa wakati huo, na husema kama faili linapelekwa jinsi lilivyo au linageuzwa papo hapo kuwa muundo ambao kifaa kinauelewa. Likiwa linageuzwa, hutaja pia sababu, iwe ni kodeki ya picha (namna ilivyobanwa) ambayo runinga haiielewi, kodeki ya sauti, au manukuu. Wengi wanaoniandikia hawajawahi kuufungua ukurasa huo, na ndio wenye jibu.

Ikiwa faili linapelekwa jinsi lilivyo, seva haina kazi nzito, kwa maana inasoma diski na kutuma tu, jambo ambalo hata kompyuta kuukuu inaliweza. Hapo tatizo liko njiani. Picha ya DVD haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na hiyo hupita hata kwenye Wi-Fi dhaifu. Picha ya Blu-ray inaweza kufika megabiti 40, na diski za 4K zinaweza kupanda hadi megabiti 128 kwa sekunde katika matukio yenye mwendo mwingi. Sasa angalia tundu la waya la runinga yako: runinga nyingi, zikiwemo za hali ya juu, zina tundu lenye kasi ya megabiti 100 tu. Ndiyo maana filamu ya 4K iliyonakiliwa bila kupunguzwa huweza kukwama kwa waya na kucheza vizuri kwa Wi-Fi ya gigahezi 5 katika chumba hichohicho, na mwenye nyumba, kwa kuwa aliambiwa waya ni bora siku zote, akailaumu seva isiyo na hatia.

Ikiwa faili linageuzwa, hapo ndipo nguvu ya mashine huhesabika, lakini bado usikimbilie dukani. Angalia kwanza kama umewasha ugeuzaji unaotumia sehemu ya video iliyomo ndani ya kichakataji, badala ya kukiachia kichakataji chenyewe kazi yote. Vichakataji vya Intel vyenye sehemu hiyo, iitwayo Quick Sync, kuanzia kizazi cha 7, hugeuza HEVC ya biti 10, kodeki ya filamu za 4K, bila taabu na bila kula umeme mwingi. Katika Jellyfin uwezo huo ni wa bure. Katika Plex unahitaji kulipia usajili uitwao Plex Pass. Hata hivyo, msimamo wangu haujabadilika: kugeuza papo hapo ni njia ya dharura, na seva ya nyumbani iliyopangwa vizuri haipaswi kuitegemea kila jioni. Kifaa kidogo cha kuchezea video, kinachoelewa kodeki zote unazotumia na kilichochomekwa nyuma ya runinga, huondoa tatizo ambalo kompyuta kubwa hulificha tu. Sipendi kuona watu wakinunua mitambo mizito inayounguruma usiku kucha ili kufidia programu duni iliyokuja na runinga.

Je, Raspberry Pi 5 inatosha kuwa seva?

Kompyuta hii ndogo inatosha ikiwa kila faili litapelekwa jinsi lilivyo. Haitoshi ikiwa utahitaji kugeuza, kwa kuwa haina kabisa sehemu ya kusimba video, yaani kuiandika upya katika muundo mwingine, na kazi yote itakiangukia kichakataji.

Filamu inacheza vizuri, lakini nikiwasha manukuu inaanza kusuasua. Manukuu ni maneno tu, yanawezaje kuilemea kompyuta?

Umeuliza vizuri, na umeeleza dalili kwa usahihi, jambo ambalo nawaomba wengine waige. Kosa liko katika dhana kwamba manukuu ni maneno. Katika DVD na Blu-ray, manukuu huhifadhiwa kama picha: kila sentensi unayoisoma chini ya skrini ni kipicha kidogo chenye saa yake ya kutokea na ya kutoweka. Runinga nyingi hazijui kukibandika kipicha hicho juu ya filamu, kwa hiyo seva hulazimika kuifungua kila fremu, kukichora kipicha ndani yake, na kuisimba fremu upya. Filamu iliyokuwa ikipelekwa bila jasho inageuka ghafla kuwa kazi nzito kuliko zote, na ikiwa ni ya 4K, mashine nyingi husalimu amri.

Dawa ni kuyafanya manukuu kuwa maneno kweli. Programu ya bure iitwayo Subtitle Edit husoma vipicha hivyo na kutoa faili la maandishi la SRT, ambalo hukaa kwenye folda ya filamu na ambalo takribani kila kifaa hulielewa. Lipitie faili hilo kwa macho kabla ya kulitumia, kwa kuwa programu huchanganya herufi zinazofanana, hasa l ndogo na I kubwa, na lugha zenye alama juu ya herufi huteseka zaidi. Kazi hii ni ya mara moja kwa kila filamu, ilhali kompyuta mpya ingeifanya kazi ileile kila usiku.

Ninakili diski kama ilivyo au niipunguze? Nafasi inaisha upesi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu vitu wasivyoweza kuvirudisha.

Kuna hatua mbili tofauti, na wengi huzichanganya. Hatua ya kwanza ni kuitoa filamu kwenye diski bila kuigusa: programu ya MakeMKV huchukua picha, sauti na manukuu yale yale na kuyaweka ndani ya faili moja la MKV, bila kupoteza chochote. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, Blu-ray ya tabaka mbili gigabaiti 50, na diski za 4K hufika gigabaiti 100, kwa hiyo unaweza kukadiria mwenyewe mzigo utakaokuangukia. Hatua ya pili, ambayo si ya lazima, ni kuisimba filamu upya kwa programu ya HandBrake ili ipungue. Katika hatua hii ubora hupotea na haurudi.

Ushauri wangu kwa DVD ni mfupi: usizipunguze. Picha yake ni ndogo tangu mwanzo, na kila kinachoondolewa huonekana kwenye skrini kubwa. Kwa Blu-ray, kupunguza kuna maana ikiwa nafasi ni finyu kweli, lakini chagua ubora wa kudumu badala ya ukubwa wa faili uliopangwa. HandBrake wenyewe hupendekeza thamani ya RF, namba inayopanga ubora huo, kati ya 20 na 24 kwa picha ya 1080p, ambayo ndiyo ya Blu-ray, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ubora na ukubwa vinavyopanda. Mtu anayelazimisha kila filamu itoshe katika gigabaiti 2 anaitendea filamu tulivu ya chumbani sawasawa na filamu ya mvua, moshi na umati wa watu, na hii ya pili itatoka imejaa viboksi.

Usihukumu kwa kutazama dakika ya kwanza. Tafuta tukio la giza, ukutani kuna taa hafifu, au anga la jioni linalobadilika rangi polepole. Hapo ndipo usimbaji mbaya hujionyesha, kwa michirizi ya rangi mahali palipopaswa kuwa laini. Angalia pia DVD za vipindi vya televisheni, kwa kuwa nyingi zimerekodiwa kwa mistari inayopishana. Ukizisimba bila kuwasha kichujio cha kuiunganisha, kila mtu anayetembea atakuwa na kingo zenye meno ya kitana, na meno hayo yatabaki ndani ya faili daima.

Nafasi ikikubana, nunua diski kuu kubwa zaidi kabla ya kununua kitu kingine chochote. Hilo ni tumizi la fedha ambalo sijawahi kumshauri mtu alikwepe.

Filamu zangu zinatokea na bango la filamu nyingine.

Andika jina kamili pamoja na mwaka ndani ya mabano, kwenye folda na kwenye faili, na kwa tamthilia tumia mtindo wa S01E01 (msimu wa kwanza, kipindi cha kwanza) katika kila kipindi. Programu zote zimeeleza jambo hili katika maelekezo yao, na sitalijibu tena.

Nimeweka diski mbili kwa mfumo wa RAID unaoandika kila kitu kwenye diski zote mbili. Sasa nina nakala ya akiba, sivyo?

Hapana. RAID ya aina hiyo hukuwezesha kuendelea kutazama diski moja inapokufa. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutwa kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Kirusi kikiyafunga mafaili, kinayafunga pande zote mbili. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye diski nyingine, isiyounganishwa na seva muda wote. Kwa filamu, angalau bado una diski za asili. Lakini najua tabia zetu: seva ikishawaka, picha za familia na video za harusi huhamia humo, na hizo hazina diski ya asili popote. Anza na hizo leo.

Plex au Jellyfin?

Jellyfin, kwa mtu anayetaka kitu kilicho chake. Ilizaliwa Desemba 2018, watengenezaji wa Emby, programu nyingine ya seva, walipofunga msimbo wao na baadhi ya wachangiaji wakaamua kuendelea na toleo lililokuwa wazi. Haihitaji akaunti ya kampuni yoyote, na hakuna sehemu yake inayolipiwa. Plex ni rahisi zaidi kwa wageni na programu zake za runinga zimekomaa, hilo silikatai; lakini tangu Aprili 2025 kutazama filamu zako mwenyewe ukiwa nje ya nyumba kunahitaji malipo, na akaunti zake ziko kwenye mitambo ya kampuni, ambayo mwaka 2022 ilivamiwa na watumiaji wakaambiwa wabadilishe nywila. Aliyelipia zamani na kuridhika, abaki alipo. Anayeanza leo sioni kwa nini aanze huko.

Nataka kutazama nikiwa safarini. Rafiki ameniambia nifungue poti 8096 kwenye ruta. Ni sawa?

Si sawa, na nakuomba uifunge kama umeshaifungua. Poti 8096 ni mlango wa Jellyfin usio na usimbaji fiche: nywila yako husafiri wazi, na kila mashine inayopekua intaneti kutafuta milango iliyo wazi itaukuta. Wapekuzi hao hawahitaji kujua wewe ni nani, kwa kuwa wanapita kila anwani.

Usidhani seva ya filamu haina cha kuibiwa. Mwaka 2022 wavamizi waliingia katika LastPass, kampuni inayotunza nywila za watu, kupitia kompyuta ya nyumbani ya mfanyakazi wake mmoja iliyokuwa na Plex. Plex ilieleza kwamba udhaifu uliotumika ulikuwa umeshazibwa tangu Mei 2020, ila programu kwenye kompyuta hiyo haikuwa imesasishwa. Wavamizi hawakuwa na haja na filamu. Walitaka kilichokuwa kwenye mashine hiyohiyo.

Njia salama ni kujenga njia ya siri kati ya simu yako na nyumbani, kwa programu ya WireGuard au kwa Tailscale inayoitumia WireGuard ndani yake. Simu huonekana kana kwamba iko sebuleni, na ruta haifungui mlango wowote wa filamu kwa ulimwengu. Tailscale hufanya kazi hata pale mtoa huduma wa intaneti anapowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hali ambayo huifanya hiyo poti ya rafiki yako isifike popote. Kumbuka pia kwamba safarini kinachokubana ni kasi ya intaneti ya nyumbani ya kupakia, ambayo aghalabu ni ndogo kuliko ile ya kupakua; hapa nakubali kabisa kwamba ugeuzaji wa papo hapo una kazi halali.

Nikimaliza kunakili diski zote, naweza kuziuza au kuzigawa?

Sikushauri, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria, ambayo si moja kila mahali. Marekani, sheria ya DMCA ya mwaka 1998 hukataza kuvunja ulinzi wa diski hata kama umeinunua mwenyewe. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi Oktoba 2014, na Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Kwingineko nakala ya nyumbani huvumiliwa au huruhusiwa kwa masharti, kwa hiyo soma sheria ya nchi yako. Lakini sijui hoja yoyote ya haki inayombeba mtu aliyebaki na nakala baada ya kuiuza diski, na waliotengeneza filamu hizo wanastahili heshima hiyo.

Ya pili ni kwamba nakala hukosewa. Diski yenye mkwaruzo huweza kunakiliwa kwa namna inayoonekana kamili, kisha filamu ikaganda dakika ishirini kabla ya mwisho. Kwa hiyo itazame kila nakala mpaka mwisho walau mara moja, hakikisha sauti na manukuu uliyoyataka yamo, ndipo uifungie diski kwenye boksi lililo mahali pakavu pasipo jua, ukiandika juu ya boksi majina ya filamu zilizomo.